Nani Hupasha Maji

Shuleni, 14 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta mbele ya tanuri, iweke kando kwanza, maana najua unavyosoma huku mikate inaungua. Mimi sijambo. Nimepata chumba nyuma ya nyumba ya fundi saa, kina dirisha moja na kitanda kinacholalamika kila nikigeuka. Nasikia baba amestaafu na sasa anashinda kwako bekari akigawa ushauri. Pole sana. Sisi tulimvumilia miaka ishirini na nne, sasa zamu yako imefika.

Nimefundisha wiki mbili tu na tayari nimechekwa na shule nzima. Nilitaka kidato cha pili wajifunze kupanga jaribio, wathibitishe wenyewe kwamba ni hamira ndiyo inayotoa hewa. Tukachukua chupa nne. Tatu zina maji ya uvuguvugu, sukari na hamira, na kila mdomo umevishwa puto. Ya nne ina kila kitu isipokuwa hamira. Nikawaambia, "Hii ya nne ndiyo chupa ya udhibiti. Bila hii jaribio halina maana, kwa hiyo muitunze." Kitabu kinasema hivyo hivyo, udhibiti. Nikaenda kunywa chai.

Narudi, chupa tatu ziko dirishani juani, maputo yamevimba. Ya nne haionekani. Nauliza iko wapi. Kiranja wa darasa, binti tunayemwita Sajenti, akasimama wima utadhani yuko kwenye gwaride: "Imedhibitiwa, mwalimu!" Alikuwa ameifungia kabatini kwa kufuli, na ufunguo ameuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Walimu wenzangu wamecheka mpaka leo. Lakini kuna mwanafunzi mmoja wa nyuma, jina lake la utani ni Mama Maswali, hakucheka. Alinyoosha mkono akasema, "Puto la kabatini halikuvimba. Sasa tutajuaje sababu ni kukosa hamira, au ni baridi ya kabati?" Shangazi, nusura nimkumbatie! Ndilo somo lenyewe hilo: ubadilishe kitu kimoja tu, vingine vyote vibaki sawa. Lilifundishwa na kufuli, si mimi.

Hili neno udhibiti limenishinda. Wakilisikia wanafikiria askari na pingu. Wewe ndiye uliyenifundisha hamira, nikiwa nimesimama juu ya kreti ili nifikie meza yako. Nisaidie neno.

Ni mimi,
mwanao mwalimu

*

Nyumbani, 2 Februari

Mwalimu wangu,

Marahaba, na nyingine uiweke akiba, maana unajua ninavyochelewa kujibu. Barua yako niliisoma kwa sauti bekari na kazi ikasimama robo saa. Huyo Sajenti mtunzeni, nchi inahitaji watu wa namna hiyo. Baba yako hajambo, na hilo ndilo tatizo. Jana alikuwa anamfundisha Chapuchapu kushika ufagio. Chapuchapu ni yule binti mkandaji niliyemwajiri ulipokuwa chuoni, jina linamtosha, mikono yake haijui kutulia.

Neno ninalo. Waambie pacha. Mapacha wawili, chakula kimoja, kitanda kimoja, nguo sawa. Mmoja mpe dawa, mwenzake usimpe. Akipona yule, basi ni dawa. Ukimlaza mmoja kitandani na mwingine kabatini, umeharibu, hujui tena kimponyacho ni nini. Mbona rahisi? Hivyo vitabu vyenu huandikwa na watu ambao hawajawahi kulea.

Sasa nikueleze langu, nalo si la kucheka. Unamkumbuka Haya, mkandaji wangu. Utamsahauje, na ndiye aliyekuwa akikubeba mgongoni kukupeleka shule mvua ikinyesha. Miaka kumi na mitatu yuko nami na neno lake ni lile lile. Mwambie unga umefika, haya. Mwambie nyumba inaungua, haya. Basi tangu Oktoba mikate yake haiumuki. Anakanda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku hizo mikate inatoka imelala kama ndala. Siku za Chapuchapu inapanda vizuri mpaka inasukuma kitambaa. Unga ule ule, hamira ile ile, tanuri lile lile. Hao ndio mapacha wako, mwanangu, na tofauti yao ni mkono tu.

Baba yako anasema mkono wa mtu hufa kama tawi linavyokufa, mti wenyewe ukiwa hai. Mgahawa wa kona umeacha kuchukua mikate yangu. Siwezi kuendelea hivi. Mwisho wa Machi nitamwambia Haya akapumzike. Nimekuambia wewe peke yako, na nikiliwaza roho inaniuma, maana yule si mfanyakazi tu, yule ni mtu wangu.

Kula vizuri. Usiwe mwalimu wa chai na hewa.

Shangazi yako

*

Shuleni, 11 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Pacha limekaa! Darasa zima lilielewa kwa dakika tano. Sajenti amevua ufunguo, ingawa kwa shingo upande. Fundi saa anakusalimu, nilimpa kipande cha ule mkate wako mkavu ulionifungashia, akasema ndiyo mara yake ya kwanza kula kitu kinachodumu kuliko saa.

Kuhusu Haya, nakuomba usubiri. Nisamehe, nililipeleka darasani bila kutaja mtu. Niliandika ubaoni tu: wakandaji wawili, mikate ya mmoja haiumuki, je ni mkono? Nilidhani watakubali haraka. Wakakataa. Walisema hatujui kama hao wakandaji ni pacha kweli, labda kuna kitu kingine kinachotofautiana na hakuna aliyekiangalia. Wameandika maswali matano kwenye karatasi ya daftari, nimeiambatanisha. Nani hupima unga? Hamira hutoka kopo moja? Donge hufunikwa na kuwekwa wapi? Nani hupasha maji, na anajuaje yamefikia uvuguvugu? Kazi huanza saa ngapi kwa kila mmoja?

Wajibu, shangazi. Hawa ni watoto, lakini wamekuwa wakali kama wakaguzi.

Jambo moja dogo. Mwandiko wako umekuwa mkubwa na mistari inapanda mlima. Ni macho, au ni nini?

Mwanao

*

Nyumbani, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, kazi nyingi. Baba yako mzima, amejitangaza msimamizi wa foleni. Foleni yenyewe ya watu wanne.

Wakaguzi wako nawajibu. La kwanza, unga unapimwa na Haya siku zake na Chapuchapu siku zake, mzani ni mmoja na nimeukagua. La pili, hamira ni kopo moja, linafungwa vizuri. La tatu, donge hufunikwa kitambaa kibichi na kuwekwa rafu ya juu karibu na tanuri, wote wawili pahali pamoja. La tano, Chapuchapu huanza saa kumi na moja alfajiri, Haya saa kumi na mbili kwa kuwa anatoka mbali. Haya basi, wameridhika?

Mwandiko ni kalamu mbovu. Na sasa nina kitambaa mkononi, nilishika trei ikiwa ya moto. Usianze kelele, kidonda kidogo tu, wala hakikuuma.

Ijumaa mikate ya Haya ililala tena. Alisimama akaitazama, akanitazama mimi, halafu akaenda kuosha mabakuli. Hata hakujitetea. Mtu akinyamaza hivyo, mimi nifanyeje?

Shangazi yako

*

Shuleni, 17 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nimekasirika kidogo na nimeogopa sana, kwa hiyo nisamehe nikienda moja kwa moja.

Niliwasomea majibu yako. Mama Maswali akahesabu kwa vidole, akasema, "Mwalimu, shangazi yako amelikimbia swali la nne." Nikaangalia. Kweli, kutoka la tatu umeruka hadi la tano. Wewe, uliyekuwa unanichapa nikiruka mstari nikikusomea gazeti!

Basi tukalifanyia jaribio hilo hilo swali la maji. Chupa tatu, hamira sawa, sukari sawa, maji kiasi kimoja, zote kivulini kwenye meza moja, hakuna kufuli. Tofauti ni joto tu. Ya kwanza maji baridi, puto likajiinua kivivu. Ya pili uvuguvugu, puto likasimama. Ya tatu maji yanayotoa mvuke, puto halikutikisika hata baada ya saa mbili. Hamira ni kitu hai, shangazi. Ukiimwagia maji ya moto unaiua, na mkono wa kuifufua hakuna, uwe wa Haya au wa nani.

Usimwachishe kazi kabla hujaweka bakuli mbili mezani. Mkandaji mmoja, unga mmoja, kila kitu pacha, isipokuwa mtu wa kupima maji. Nusu siku tu.

Na hilo la trei. Mtu anashikaje trei iliyotoka tanurini, apate kidonda, na aseme hakikuuma? Mficha maradhi, unajua mwenyewe yaliyobaki. Niambie.

Mwanao

*

Nyumbani, 28 Aprili

Mwanangu,

Najua uliniandikia mara mbili baada ya ile, na baba yako akakujibu kwamba sote wazima. Kwa upande wake alisema kweli.

Barua yako ya Machi niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya mzani. Tarehe thelathini na moja nikamwita Haya, nikamwambia akapumzike. Unajua alijibu neno gani. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya gunia, akaenda zake. Miaka kumi na mitatu, nami sikumsindikiza hata hadi mlangoni.

Chapuchapu akashika zamu zote mbili. Nikamwonea huruma, nikamwambia, "Wewe usihangaike na maji, nitakupashia mimi." Siku ya kwanza mikate ikalala. Ya pili ikalala. Chapuchapu, mwenye mikono ya miaka ishirini na moja! Siku ya tatu baba yako akasema labda Haya ameacha husuda ukutani. Nikamwambia hebu niondokee, nenda kapake mlango rangi. Akaupaka bluu. Sasa watu wanadhani ni zahanati, juzi mama mmoja ameingia na mtoto akaomba sindano.

Nikakaa juu ya gunia na swali lako la nne. Ni mimi, mwanangu. Mimi ndiye hupasha maji. Chapuchapu anaishi jirani, alikuwa akiwahi na kupasha yake mwenyewe. Haya anatembea saa nzima, nikaona ni utu akikuta maji yako tayari. Siku zake zote, kwa miaka yote hiyo, natia vidole viwili, nikisikia uvuguvugu nasema tayari.

Alhamisi nikaweka bakuli zako mbili. Unga sawa, hamira sawa, mkandaji Chapuchapu, kitambaa kimoja nimekikata katikati. Maji ya bakuli la kwanza nikayapima mimi kwa vidole, ya la pili akayapima yeye kwa kiwiko. Kabla hatujamimina nikamwambia, "Hebu gusa haya yangu." Akatia kidole, akakichomoa, akapiga ukelele: "Mama! Maji haya ni ya kuchemshia mayai!" Vidole vyangu vilikuwa bado mle ndani.

Vina ganzi tangu Agosti. Nilijua vina ganzi, sikujua kama vinanidanganya. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu, na niliogopa. Mwoka mikate asiye na vidole ana kazi gani duniani? Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kilikuwa mkononi, na nikamfukuza mtu kwa ajili yake. Nyani haoni nini? Malizia mwenyewe, wewe ni mwalimu.

Bakuli la pili liliumuka mpaka likamwagika. Chapuchapu alifurahi, mimi nikaingia stoo nikafunga mlango.

Kwa Haya siwezi kwenda. Nitamwambia nini, mimi?

Shangazi yako

*

Shuleni, 5 Mei

Shangazi,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti yote mawili. Nimelia, nikacheka nilipofika kwenye mayai, nikalia tena. Sina hasira hata chembe.

Utamwambia uliyoniambia mimi, bila kupunguza. Usimtume baba, atamaliza kwa kumfundisha kukaa kitini. Usimtume Chapuchapu wala mkate. Nenda mwenyewe.

Kisha hospitali. Hili sitaki unijibu kwa barua. Nitapiga simu Jumamosi saa nne, na ukinitajia kalamu mbovu nitapanda basi siku hiyo hiyo.

Barua yako sikuisoma darasani, hiyo ni yetu. Niliwaambia tu kwamba swali la nne limejibiwa, na kwamba halikuwa la mkono. Wakapiga makofi. Mama Maswali akasubiri makofi yaishe, akauliza, "Na yule mkandaji amerudishwa?" Nikafuta ubao ambao ulikuwa safi.

Mwanao anayekupenda

*

Nyumbani, 12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ukiona mwandiko mzuri ujue si wangu. Mimi naongea, Haya anaandika, na nimemwonya asitie chumvi. Daktari amesema vidole vipumzike na kalamu kwa sasa.

Ni sukari. Imekuwa juu muda mrefu na mimi sina habari. Nina vidonge, nina viatu vya kufunika vidole vyote, na chai nakunywa chungu. Bekari ina magunia matatu ya sukari na mwenye bekari haruhusiwi kijiko! Lakini nimelala vizuri wiki tatu mfululizo na daktari ananisifu. Ganzi huenda ikapungua, huenda isipungue. Tumenunua kipimajoto cha maji, kimetundikwa kwenye msumari juu ya sufuria. Baba yako anakisoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu ana kazi inayomfaa.

Kwa Haya nilikwenda kwa miguu, nikaitembea ile saa nzima anayoitembea yeye. Nilimkuta uani anatengeneza kiti. Nikamwambia yote, bakuli, maji, vidole, Agosti. Akaendelea kupiga msumari. Halafu akaongea, mwanangu, akaongea kuliko miaka yote kumi na mitatu! Kumbe alijua tangu Novemba. Aliniona nikibeba trei bila kitambaa. Nikigeuka alikuwa anayapoza maji kwa siri, na siku hizo mikate ilipona. Nikiyamimina mwenyewe, alikanda tu huku anajua yatakayotokea.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, "Mkandaji mwingine ungempata. Lakini wewe ungejua vidole vimekufa, ungelizima tanuri, na ukilizima wewe umekwisha." Basi nikamkemea pale pale uani kwake! Nikamwambia ungeniacha niungue mpaka kiwiko kwa heshima yako hiyo? Mkosaji ni mimi, na mkemeaji ni mimi. Akakubali kwamba na yeye alikosea. Amerudi tangu Jumatatu iliyopita, kwa sharti moja, kwamba maji hupasha yeye. Mgahawa wa kona umerudi pia, ila wao sikuwaomba radhi, walikuwa wanalipa kwa kuchelewa.

Msamaha niliuomba vizuri, kwa utulivu, macho makavu, kama mtu mzima. Haya, andika hivyo hivyo.

Shangazi yako

*

Mwalimu, mimi mwandishi naongeza yangu kidogo, shangazi yako ameenda kugeuza mikate. Ameniambia niandike macho makavu, nikaandika, ni bosi. Lakini nasikia huko darasani kwenu mtu huandika alichokiona.

Alilia. Alianza kabla hajafika mlangoni, akalia mpaka mke wangu akatoka jikoni mbio kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, nitafutie viatu vyangu vya kazi.